Nimebakiza mwaka mmoja wa shahada: nirudi Iringa, nihamie Mbeya au nisome Chuo Kikuu Huria?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, naishi Uyole, Mbeya, nafanya kazi kwenye duka la pembejeo. Nilisoma shahada ya utawala wa biashara katika chuo binafsi huko Iringa. Nilimaliza mwaka wa pili 2021, mwaka wa tatu sikurudi kwa sababu baba alifariki na ada ikashindikana. Nilikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nimefaulu kozi 22, nina keri mbili (kozi nilizofeli, za kurudia), GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 3.1, na chuo kinanidai 780,000. Sasa nina akiba ya 1,800,000. Mkononi napokea 260,000 kwa mwezi na naweza kutunza 80,000. Mama analima viazi Isyonje, amesema yuko tayari kunisaidia. Bosi amesema nikipata shahada atanipa usimamizi wa tawi na mkononi nitapata 420,000. Nirudi Iringa (ada 1,400,000 kwa mwaka), nihamie chuo kimoja hapa Mbeya chenye masomo ya jioni (ada 1,500,000), au nijiunge na Chuo Kikuu Huria? Kipi ni nafuu? Na mpango huu nimwambie bosi au ninyamaze?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee, hata kama miaka imepita. Nashukuru umeandika namba zako zote bila kuficha deni, maana wengi huliacha deni pembeni kisha linawakuta dirishani kwa mhasibu. Nimeyasoma matokeo uliyotuma, na nimeyalinganisha na orodha ya kozi za chuo cha Mbeya na za Chuo Kikuu Huria.

Nianze na jambo ambalo naliona kila msimu wa udahili hapa Nyanda za Juu Kusini. Mtu anachukua ada ya mwaka, anaizidisha kwa miaka anayodhani imebaki, kisha anakwenda kwenye chuo chenye jibu dogo. Gharama ya kumalizia shahada haipatikani hivyo. Inategemea krediti zako ngapi zitapokelewa na chuo unachokwenda, na ujue hilo kwa barua yenye mhuri. Mpaka barua hiyo iwe mkononi mwako, ada isitoke mfukoni.

Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, kujisomea, kazi za nyumbani na mitihani. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Kozi zako zote zilikuwa za krediti 10, kwa hiyo ulisajili 240 na ukafaulu 220. Maana yake hata Iringa hujabakiza mwaka mmoja kamili kama unavyosema. Umebakiza 120 za mwaka wa tatu pamoja na 20 za keri. Kwingine umebakiza zaidi ya hapo, na ni hiyo "zaidi" inayokula pesa za watu.

Kwa nini chuo kikatae kozi uliyofaulu? Kwanza, kozi inaweza kuwa na jina lilelile na mambo tofauti ndani. Uhasibu wa Gharama wa chuo kimoja unaweza kuishia pale ambapo wa chuo kingine ndipo unaanzia. Pili, alama. Kozi uliyoivuka kwa alama ya chini kabisa ya ufaulu haipokelewi kwa urahisi kama uliyoipata kwa B. Tatu ni umri wa masomo yenyewe, na wewe ulisimama 2021, kwa hiyo swali hili litakuhusu. Nne, chuo kinachoweka jina lake kwenye cheti hutaka sehemu kubwa ya shahada uisomee kwake. Keri zako mbili wala usizipeleke mezani, kwa sababu kozi usiyofaulu haina krediti ya kuhamisha.

Kwa kulinganisha majina na maelezo mafupi ya kozi, naona 14 kati ya 22 zinafanana na za chuo cha Mbeya, na 16 zinafanana na za Chuo Kikuu Huria. Haya ni makadirio yangu, na wenye uamuzi ni idara husika. Lakini yanatosha kupigia hesabu.

Sasa tazama jambo hili kwa makini, maana ndipo watu wanapoumia. Chuo cha Mbeya kinatoza ada kwa mwaka. Kikipokea kozi 14, yaani krediti 140, utabaki na 220, na hizo ni miaka miwili. Kikipokea 12 utabaki na 240, bado ni miaka miwili. Kikipokea 11 utabaki na 250, na hapo umeingia mwaka wa tatu kwa ajili ya kozi moja. Kozi ya tatu kukataliwa, ukihesabu kutoka kwenye makadirio yangu, inaweza kukugharimu 1,500,000. Na kinyume chake ni kweli pia: kupigania kozi ya 15, ya 16 na ya 17 pale Mbeya kutakupunguzia mzigo wa kusoma, ila ada itabaki ya miaka miwili, isipokuwa chuo kikubali kutoza muhula wa mwisho kwa idadi ya kozi. Liulize hilo.

Chuo Kikuu Huria, ambacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye hali kama yako, unalipia kozi unazosajili. Kozi moja ikikataliwa unalipa kozi moja. Hakuna ngazi ya kuangukia. Kituo chake cha mkoa kipo hapahapa Mbeya, na mitihani unafanyia kituoni.

Upo mtego mwingine usioonekana kwenye karatasi ya ada: kozi inayotakiwa uifaulu kabla ya kuruhusiwa kusoma nyingine. Ikikataliwa hiyo, na chuo kinaifundisha muhula wa kwanza peke yake, utaketi mwaka mzima ukiisubiri hata kama krediti zako zinatosha. Kwenye biashara, angalia sana kozi za uhasibu, takwimu na usimamizi wa fedha. Hizo ndizo zinazoshikana kwa mnyororo. Kozi za jumla kama stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo zikikataliwa unazisoma wakati wowote.

Tupige hesabu, tukianza na Iringa. Ada 1,400,000. Keri mbili, tuweke 80,000 kila moja, ni 160,000. Ada ya TCU ya udhibiti ubora ni 20,000 kwa mwaka. Bima ya afya ya mwanafunzi nimeweka 50,400, kiwango ambacho vyuo vimekuwa vikitoza kwa muda mrefu. Utafiti, uchapaji na kujalidi, 200,000. Deni la zamani 780,000. Mpaka hapo ni 2,610,400. Ongeza chumba cha 50,000 kwa miezi kumi, ni 500,000. Chakula ukikaza mkanda ni 150,000 kwa mwezi, lakini nyumbani sasa nadhani hukosi kuchangia kama 60,000, kwa hiyo kilichoongezeka ni 90,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ni 900,000. Jumla 4,010,400. Halafu kuna ile namba ambayo haiandikwi kwenye fomu yoyote: mshahara wa miezi kumi utakaoukosa, 2,600,000. Kurudi Iringa kunakugharimu 6,610,400.

Chuo cha Mbeya, jioni, miaka miwili: ada 3,000,000, TCU 40,000, bima 100,800 (kama kazini una bima, peleka kadi yako, usilipe mara mbili), utafiti 200,000, daladala kati ya Uyole na mjini 30,000 kwa mwezi kwa miezi 20 ni 600,000, na deni lilelile la 780,000. Jumla 4,720,800. Mshahara unaendelea. Ila unamaliza mwaka mmoja baadaye kuliko ungerudi Iringa, na kama ahadi ya bosi ni ya kweli, mwaka huo mmoja umekukosesha nyongeza ya 160,000 kila mwezi, yaani 1,920,000. Ukiijumlisha unafika 6,640,800.

Umeona? Iringa na Mbeya zimepishana kwa 30,400 tu, wakati mwanzo moja ilionekana ya mwaka mmoja na nyingine ya miaka miwili. Tofauti yao ya kweli ni lini pesa inahitajika. Iringa inataka zaidi ya milioni nne ndani ya miezi kumi, na wewe huna mshahara. Una 1,800,000. Pengo ni 2,210,400, na hilo ni pengo la kuuza shamba. Mimi nisingekushauri hata kidogo uache kazi kwa mpango huo, maana mwenye kuacha kazi halafu akakwama mwezi wa Machi anarudi nyumbani hana kazi wala shahada.

Chuo Kikuu Huria: kozi 16 zikipokelewa unabaki na krediti 200, yaani kozi 20. Bei ya kila kozi itazame kwenye waraka wa ada wa mwaka unaojiunga. Kwa mfano wetu nimeweka 70,000, kwa hiyo kozi 20 ni 1,400,000. Usajili, mitihani na michango mingine nimeweka 150,000 kwa mwaka, mara mbili 300,000. TCU 40,000. Utafiti 200,000. Bando la intaneti 15,000 kwa mwezi kwa miezi 24 ni 360,000. Kompyuta hujaitaja, na kusoma shahada kwa masafa kwa simu peke yake ni kujitesa, kwa hiyo nimeweka kompyuta mpakato iliyotumika, 450,000. Deni la zamani 780,000. Jumla 3,530,000. Ukiongeza ile 1,920,000 ya kuchelewa mwaka mmoja, ni 5,450,000.

Ndiyo nafuu kuliko zote, kwa sharti moja ambalo lazima ulitazame usoni: kozi kumi kwa mwaka huku ukifanya kazi. Huria haina kengele wala mwalimu anayekuona hujaja. Wengi wanasajili kozi kumi, wanafanya mitihani ya sita, na miaka inaongezeka. Mwaka mmoja wa ziada unakula 150,000 za usajili na mitihani, 20,000 za TCU, 180,000 za bando, na 1,920,000 za ile nyongeza ya mshahara. Ukimaliza kwa miaka mitatu badala ya miwili, Huria inafika 7,720,000 na inakuwa ghali kuliko Iringa na Mbeya. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza kipi ni nafuu, jiulize saa ngapi za usiku utakuwa macho na kitabu. Krediti 100 kwa mwaka ni saa 1,000. Gawa kwa wiki 50: saa 20 kila wiki, wiki zote, hata wakati wa kupanda ambapo duka la pembejeo halilali. Duka lenu likifungwa saa 12 jioni na Jumapili mchana ukawa huru, inawezekana. Kama unabaki dukani mpaka saa 2 usiku Jumatatu hadi Jumamosi, basi chuo cha jioni hukiwezi pia, na itabidi upange Huria ya miaka mitatu kwa kukusudia, ukisajili kozi saba kwa mwaka, badala ya kuifikia miaka mitatu kwa kushindwa.

Tuje kwenye mkopo. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo kitambulisho chako TCU na Bodi ya Mikopo, kwa hiyo kujaza fomu kama mwanafunzi mpya kana kwamba hukuwahi kusoma hakutakusaidia. Rekodi ya zamani itaonekana. Ingia kwenye SIPA, akaunti yako ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo, uangalie deni limeandikwa kiasi gani na hali yako imeandikwaje. Mwajiri anatakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika, kwa hiyo angalia hati yako ya mshahara kama makato yameanza. Kama hayajaanza, hiyo 260,000 yako ya mkononi itapungua siku yakianza, na mpango wote wa kutunza 80,000 utayumba. Vilevile ile 420,000 ya bosi uliza kama ni kabla au baada ya makato hayo.

Mkopo mpya naufikiria kwa Iringa zaidi kuliko kwingine, kwa sababu huko ndiko ungesoma muda wote bila mshahara. Kama chuo chako cha zamani kingekurudisha mwaka wa tatu na Bodi ikakubali kuendelea na wewe, hesabu ya Iringa ingepinduka. Bumu, yaani posho ya kujikimu inayotokana na mkopo, ni 10,000 kwa siku tangu lilipopandishwa kutoka 8,500, na hiyo kwa mwezi inazidi ile 200,000 niliyoweka ya chumba na chakula. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo ukiwa na swali moja: mtu aliyesimama bila kumaliza anatakiwa afanye nini ili mkopo uendelee, na je, anatakiwa kulipa sehemu ya deni kwanza? Lakini usiache kazi kwa kutegemea mkopo ambao jina lako halijatoka. Jina likitoka, niandikie tena, tutaanza hesabu upya na huenda nikakuambia panda basi.

Sasa deni la 780,000. Umeona limo katika hesabu zote tatu. Hakuna chuo utakachokimbilia likuache, kwa sababu chuo cha zamani hakitoi transkripti, ile hati rasmi ya matokeo, kwa mwenye deni, na bila transkripti uhamisho haukamiliki. Ila usilikimbilie kulilipa kesho. Mwombe mhasibu taarifa ya akaunti yako, mstari kwa mstari. Ulimaliza mwaka wa pili na mwaka wa tatu hukurudi. Inawezekana kabisa kwamba ndani ya hiyo laki saba na themanini kuna ada ya muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu iliyoingizwa kabla hawajajua hurudi. Kama ipo, andika barua ya kuomba iondolewe, ukiambatisha ushahidi kwamba hukusajili. Na kilichobaki omba kulipa kwa awamu, kwa maandishi, ukitaja tarehe. Wahasibu wanakubali mipango kuliko watu wanavyodhani. Kinachowachosha ni anayepotea bila neno.

Ukiwa huko, uliza ofisi ya msajili wa wanafunzi umeandikwa kwa hali gani. Aliyeahirisha kwa barua, aliyetoroka masomo na aliyedisko, yaani aliyeondolewa kwa kufeli, ni watu watatu tofauti mbele ya chuo kinachokupokea. Wewe hukudisko, matokeo yako yanaonyesha hivyo, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu aliyeondolewa kwa kufeli mlango wake ni mwembamba sana. Kama hukuandika barua ya kuahirisha wakati ule, peleka sasa maelezo ya msiba pamoja na nakala ya cheti cha kifo cha mzee, uombe hali yako iandikwe ilivyokuwa. Uliza pia ukomo wa muda wa kumaliza shahada pale kwao, maana kama muda umepita, Iringa inajiondoa yenyewe kwenye hesabu.

Tathmini ya krediti unaweza kuiomba kabla ya kulipa deni. Matokeo uliyoyatoa kwenye mfumo wa wanafunzi yanatosha kwa tathmini ya awali, ukiambatisha muhtasari wa kila kozi, ule unaoonyesha mada na saa. Hapo ndipo kazi ilipo. Muhtasari wa 2019 na 2020 uutafute kwa wenzako mliosoma pamoja, kisha uombe idara yako ya zamani iugongee mhuri. Mwaka 2016, TCU ilipofuta vibali vya vyuo viwili vya St. Joseph huko Songea, wanafunzi walihamishiwa vyuo vingine kwa utaratibu wa Tume. Wewe unahama kwa hiari yako, kwa hiyo karatasi zote utazibeba mwenyewe. Peleka mafaili mawili yanayofanana, moja chuo cha Mbeya na jingine kituo cha Huria, na uombe jibu la maandishi lenye majina ya kozi zilizopokelewa na zilizokataliwa, moja moja. Jibu la "utaingia mwaka wa pili" halitoshi. Hakikisha pia kwamba programu yenyewe imo kwenye orodha ya TCU ya mwaka huo, na uulize tarehe ya mwisho ya uhamisho, kwa sababu dirisha hilo hufungwa mapema mwaka wa masomo unapoanza.

Waulize kitu kingine: alama zako za zamani zitaingia kwenye GPA mpya au zitaingia krediti tu? Una 3.1, daraja la pili la chini, na la pili la juu linaanzia 3.5. Kama alama hazihami, kozi 20 zilizobaki ndizo zitakazoamua daraja lako, na mtu mzima mwenye sababu ya kusoma huifikia hiyo 3.5. Kama zinahama, utahitaji nguvu nyingi zaidi kuisogeza hiyo 3.1.

Uamuzi wangu? Huria, kama barua itaonyesha kozi 15 au zaidi na ratiba yako inaruhusu saa 20 kwa wiki. Tazama pesa zinavyotembea. Unaanza na 1,800,000. Unalipa deni na kompyuta, 1,230,000, inabaki 570,000. Mwaka wa kwanza unahitaji 1,050,000 na ndani ya mwaka huo utakuwa umetunza 960,000. Unaingia mwaka wa pili na 480,000, unatunza 960,000 nyingine, unatumia 1,250,000 pamoja na utafiti, na mwishoni unabaki na 190,000. Ukipokelewa 15 badala ya 16, toa 70,000 humo. Deni likipungua kwa barua yako, ongeza. Viazi vya mama havijaguswa hata gunia moja.

Kwa chuo cha jioni, mwaka wa kwanza unahitaji 2,650,400 na unazo 2,760,000 mpaka mwaka uishe, lakini awamu ya kwanza ya ada inaweza kudaiwa kabla hujatunza hata nusu yake. Mwaka wa pili unapungukiwa 1,000,800. Pesa hiyo ingetoka Isyonje, na viazi havingojei bei kama mahindi yaliyo ghalani. Vikishachimbwa vinauzwa kwa bei ya siku hiyo. Mama amejitolea na Mungu ambariki, lakini ahadi yake iwe akiba ya dharura, mvua ikiharibu au ukiugua. Chagua chuo cha jioni kama unajijua kwamba bila darasa na wenzako husomi. Hiyo ni sababu halali kabisa, na tofauti ya takriban milioni 1.2 kwa mtu wa namna hiyo inalipa, kwa sababu anamaliza.

Bosi mwambie, na umwambie mapema, kabla hujasajili. Utahitaji ruhusa siku za mitihani, na ruhusa ya ghafla wakati wa msimu wa mbolea atakunyima hata kama anakupenda. Ukiwa unaongea naye, mwombe kwa heshima akuandikie mistari mitatu kuhusu nafasi ya tawi: cheo, mshahara, na kwamba anakusubiri mpaka lini. Akisita kuandika, rudi kwenye hesabu zangu ufute ile 1,920,000 kila mahali ilipo. Huria inabaki 3,530,000, jioni 4,720,800, Iringa 6,610,400. Huria ya miaka mitatu nayo inashuka mpaka 3,880,000, na hapo huna tena sababu ya kujikamua kozi kumi kwa mwaka. Sajili saba, uzisome vizuri, na uitafute hiyo 3.5.